Uchumi Ukue, Moshi Upungue: Namna ya Kuzipima Takwimu za Nishati

Ukizipanga nchi za dunia kwa kuangalia sehemu ya nishati jadidifu katika nishati yote zinayotumia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Ethiopia zitakuwa karibu na kilele cha orodha. Tanzania, Uganda na Burundi zitaizidi Sweden. Ujerumani, pamoja na mitambo yake yote ya upepo na jua, itabaki mbali chini. Takwimu hizo si za kubuni. Zimo katika majedwali ya mashirika makubwa ya kimataifa, na mtu anayezichukua bila kuuliza, akazilinganisha na Pato la Taifa, anaweza kuhitimisha kwamba nishati jadidifu huzirudisha nchi nyuma.

Maelezo yako jikoni. Katika majedwali hayo, kuni na mkaa huhesabiwa kuwa nishati jadidifu kwa hoja kwamba mti ukikatwa unaweza kuota tena. Mama anayepuliza moto wa mafiga huku macho yakimwasha anaingizwa katika safu moja na kijiji cha Denmark kinachowasha taa kwa upepo. Familia yake ikipata kipato, ikaacha kuni na kununua mtungi wa gesi, sehemu ya nishati jadidifu ya nchi nzima inashuka. Jedwali linaonyesha hasara. Mapafu ya mama huyo yanaonyesha faida.

Nawaandikia wanaolazimika kutumia namba za namna hii: mwanafunzi anayeandika tasnifu, mwandishi wa habari, diwani, kiongozi wa ushirika, mfanyabiashara anayefikiria kufunga sola. Nchi zetu zinaambiwa kila siku ziige nchi fulani iliyokuza uchumi huku ikipunguza hewa ukaa. Baadhi ya mifano hiyo ni ya kweli na ina mafunzo makubwa. Mingine ni mbuzi kwenye gunia. Msimamo wangu ni huu: nchi maskini haistahili sifa kwa kutoa hewa ukaa kidogo, wala haipaswi kutamani kubaki hivyo. Inachostahili kutafuta ni nishati nyingi, safi, inayofika jikoni na kazini. Kila takwimu ipimwe kwa kigezo hicho.

Anza na vitu vinne

Mtaalamu wa uchumi wa nishati kutoka Japani, Yoichi Kaya, alitoa njia rahisi ya kuichambua hewa ukaa ya nchi yoyote. Unazidisha vitu vinne: idadi ya watu, pato la kila mtu, nishati inayotumika kuzalisha kila shilingi ya pato, na hewa ukaa inayotoka katika kila kipimo cha nishati.

Sasa ziangalie nchi zetu. Idadi ya watu inaongezeka. Pato la kila mtu tunataka liongezeke, na hakuna mwenye haki ya kutuambia vinginevyo. Vimebaki viwili vya mwisho: kutumia nishati vizuri zaidi, na kutumia nishati isiyo chafu. Mtu akikwambia kuhusu sera yoyote, muulize inagusa kipi kati ya vinne hivyo. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, inagusa cha tatu, na cha nne pia kwa kadiri umeme wake unavyotokana na maji badala ya mafuta. Taa za LED zinagusa cha tatu. Kuzima mtambo wa makaa ya mawe kunagusa cha nne.

Hapo ndipo utaona pia kwamba kuongeza nishati jadidifu na kupunguza hewa ukaa ni mambo mawili tofauti. Hewa ukaa inapungua pale tu kitu kilichokuwa kinachomwa kinapoacha kuchomwa. China iliongeza zaidi ya megawati 200,000 za umemejua katika mwaka 2023 peke yake, kiasi ambacho dunia haikuwahi kukiona, lakini bado inatumia zaidi ya nusu ya makaa ya mawe yanayotumika duniani, kwa sababu mahitaji yake ya umeme yalikuwa yakipanda kwa kasi. Ujerumani ilijenga upepo na jua kwa juhudi kubwa, ila ilizima pia mitambo yake ya nyuklia, ya mwisho ikizimwa tarehe 15 Aprili 2023. Nyuklia haitoi hewa ukaa inapozalisha umeme, kwa hiyo sehemu ya upepo na jua hilo ilitumika kuziba pengo badala ya kuyafukuza makaa ya mawe. Ufaransa nayo iliamua mwaka 1974, baada ya bei ya mafuta kupanda, kujenga nyuklia kwa wingi. Katika orodha ya nishati jadidifu haing'ari, ila umeme wake una hewa ukaa kidogo kuliko wa Ujerumani. Basi swali la kwanza liwe: nishati hii mpya imechukua nafasi ya nini?

Umeme ni sehemu tu ya nishati

Kosa la pili ni kuchanganya umeme na nishati yote. Kenya hupata takriban asilimia 90 ya umeme wake kutoka jotoardhi, maji, upepo na jua. Ni fahari ya kweli, na jotoardhi ya Olkaria, iliyoanza kuzalisha mwaka 1981, ndiyo uti wa mgongo wake. Lakini matatu na malori bado yanakunywa petroli na dizeli, na jikoni mkaa na kuni bado vina nguvu. Costa Rica ni hivyohivyo: karibu umeme wake wote ni jadidifu, ila magari yake yanategemea mafuta. Norway inaendesha nyumba zake na sehemu ya magari yake kwa umeme wa maji, huku ikiwauzia wengine mafuta na gesi wakachome kwao.

Kwa hiyo ukisoma kichwa cha habari kwamba nchi fulani inatumia nishati safi kwa asilimia 90, tafuta neno linalofuata. Ni asilimia 90 ya umeme, au ya nishati yote? Na kama ni ya nishati yote, kuni zimo au hazimo?

Kongo inafundisha jambo hili kwa uchungu. Umeme wake karibu wote ni wa maji. Bwawa la kwanza la Inga lilianza kazi mwaka 1972, la pili mwaka 1982, na mto Kongo pale Inga una uwezo unaokadiriwa kufika zaidi ya megawati 40,000. Hata hivyo ni takriban mtu mmoja kati ya watano nchini humo aliyefikiwa na umeme. Njia ya umeme ya kilomita 1,700 hivi ilijengwa kutoka Inga hadi Kolwezi kulisha migodi ya shaba, ikipita juu ya vijiji vyenye giza. Kwa kipimo cha hewa ukaa, Kongo ni miongoni mwa nchi safi kuliko zote duniani. Usafi huo umetokana na kunyimwa, na hakuna mtu mwenye nia njema anayeweza kuuita mafanikio.

Hesabu kwa kila mtu, kisha fuata bidhaa

China hutoa karibu theluthi moja ya hewa ukaa yote ya dunia. Ukigawa kwa watu wake, kila mmoja anapata takriban tani 8 kwa mwaka. Mmarekani ana takriban tani 14. Mhindi ana tani 2 hivi. Mtanzania hafikii hata nusu tani: Mmarekani wa kawaida hutoa ndani ya wiki mbili hewa ukaa nyingi kuliko anayoitoa Mtanzania kwa mwaka mzima. Anayetaja jumla ya nchi bila kutaja kiwango cha kila mtu, au kinyume chake, anakupa nusu ya habari.

Nusu nyingine imo katika bidhaa. Kiwanda cha chuma kikifungwa Uingereza na chuma hichohicho kikanunuliwa kutoka China, moshi unaandikwa katika daftari la China. Ndiyo maana wachambuzi makini huweka hesabu mbili: hewa ukaa inayotoka ndani ya mipaka ya nchi, na hewa ukaa iliyomo katika vitu ambavyo watu wa nchi hiyo wanavitumia. Kwa Uingereza, punguzo linaonekana katika hesabu zote mbili, ila katika ya pili ni dogo zaidi. Ukiandika habari ya nchi tajiri iliyopunguza, tafuta hesabu zote mbili kabla ya kuandika sentensi ya kwanza.

Tangu lini, na kwa sababu gani?

Mwaka wa kuanzia hesabu unaweza kutengeneza shujaa. Hesabu nyingi za tabianchi huanzia mwaka 1990. Ukraine imepunguza hewa ukaa kwa zaidi ya nusu tangu mwaka huo, lakini kilichotokea ni kuanguka kwa Umoja wa Kisovieti na viwanda vyake pamoja na ajira za watu. Vivyo hivyo, hewa ukaa ya dunia ilishuka kwa takriban asilimia 5 mwaka 2020 kwa sababu ya janga la korona, kisha ikarudi juu mwaka uliofuata. Grafu inayoishia 2020 inaweza kukudanganya bila kuandika neno la uongo.

Ukipata mfano uliopita maswali haya yote, uuchunguze kwa makini, maana una faida. Uingereza imepunguza hewa ukaa yake ya ndani kwa karibu nusu tangu 1990, na katika kipindi hicho uchumi wake umekua kwa karibu asilimia 80. Mwaka 2012 makaa ya mawe yalizalisha karibu asilimia 40 ya umeme wake. Tarehe 30 Septemba 2024 mtambo wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, ulizimwa. Gesi ilichukua sehemu ya nafasi hiyo, upepo wa baharini ukachukua nyingine, na tozo ya hewa ukaa ikayafanya makaa ya mawe yasilipe. Sweden ilianza kutoza kodi ya kaboni mwaka 1991, mwaka mmoja baada ya Finland kuwa ya kwanza, na imeshusha hewa ukaa yake huku uchumi ukiendelea kukua. Mifano hii inathibitisha kwamba ukuaji na moshi vinaweza kutenganishwa. Inaonyesha pia kwamba vilitenganishwa na sera zilizodumu miongo, katika nchi ambazo tayari kila nyumba ilikuwa na umeme. Hoja kwamba nchi ikishatajirika moshi utapungua wenyewe haina msingi. Kila palipopungua huku uchumi ukikua kuna sheria, bei au teknolojia iliyousukuma.

Megawati si uniti

Viongozi hupenda kutangaza megawati. Megawati ni uwezo wa mtambo ukifanya kazi kwa nguvu zote. Kinachofika kwenye mita yako ya LUKU ni uniti, yaani kilowati-saa. Mtambo wa jua wa megawati 100 haulingani na wa jotoardhi wa megawati 100, kwa sababu jua huzama na jotoardhi haizami. Kwa mwaka mzima, mtambo wa jua mara nyingi huzalisha robo au chini ya robo ya kile ambacho ungezalisha kama ungefanya kazi saa zote. Uliza kila mara: mtambo huu utatoa uniti ngapi kwa mwaka, na katika mwezi mbaya kuliko yote utatoa ngapi?

Swali la mwezi mbaya ndilo linaloumiza nchi zetu. Zambia, inayotegemea maji kwa sehemu kubwa ya umeme wake, ilipatwa na ukame mwaka 2024; bwawa la Kariba likapungua, na watu wengi wakakaa bila umeme kwa zaidi ya nusu ya siku. Vinu, saluni na karakana zilizokuwa zikitumia umeme usio na moshi zilirudi kwenye jenereta. Watanzania wanaijua shida hiyo tangu migao ya 2006 na 2011, na ndiyo iliyoharakisha bomba la gesi kutoka Mtwara, lililokamilika mwaka 2015. Sasa Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, limebadilisha kabisa hali ya gridi. Nalipongeza kwa moyo wote. Ushauri wangu ni kwamba tusiegemee mto mmoja. Jua huwaka sana wakati uleule mvua zinapokosekana, kwa hiyo umemejua ukiunganishwa na bwawa huliokolea maji ya kutumika usiku.

Uruguay ilijifunza hilo mapema. Ilikuwa ikitegemea maji, na mvua zikikosa ilinunua mafuta na umeme wa majirani kwa bei ya kuumiza. Mwaka 2008 serikali ilitunga sera ya muda mrefu, na mwaka 2010 vyama vyote vikubwa vikakubaliana nayo, kwa hiyo uchaguzi haukuivuruga. Shirika la umeme la taifa liliita zabuni na kutoa mikataba ya miaka 20. Ndani ya takriban miaka kumi, upepo, ambao karibu haukuwapo, ukawa nguzo, na zaidi ya asilimia 90 ya umeme ikawa jadidifu, huku uchumi ukiendelea kukua. Hata hivyo sehemu kubwa ya gesijoto za Uruguay hutokana na ng'ombe, ambao hutoa methani, na upepo hauwezi kuzipunguza hizo. Mfano mzuri nao una mipaka yake.

Umeme peke yake haukuzi uchumi

Nchi tajiri hutumia umeme mwingi, na wengi huona hilo na kudhani kwamba kuvuta nyaya kunatosha kuleta utajiri. Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram walilifanyia majaribio jambo hili magharibi mwa Kenya, wakiunganisha nyumba za vijijini na gridi na kuzifuatilia. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2020 hawakuona mabadiliko makubwa ya kipato katika kipindi hicho. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyeishi kijijini: mtu asiye na mtaji wa mashine wala soko la bidhaa zake atawasha taa na kuchaji simu, basi. Taa ni heshima na usalama, na kila mtoto anastahili kusomea kwenye mwanga. Ila kipato huletwa na mashine ya kukoboa, jokofu la samaki, pampu ya umwagiliaji na cherehani.

Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana unatoa funzo jingine. Mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310 ilikamilika mwaka 2017, ila njia ya umeme hadi Suswa haikuwa tayari. Iliungwa mwaka 2018. Kisha mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Meru ikaamua kwamba hatimiliki za ardhi ya mradi zilitolewa bila kufuata utaratibu. Mtambo bila njia ya umeme haulishi mtu, na mradi usiowashirikisha wenye ardhi unaweza kuishia mahakamani, hata upepo ukiwa mwingi kiasi gani.

Ufanye nini sasa

Ukiwa mwanafunzi au mwandishi, tenganisha kuni na nishati jadidifu ya kisasa kabla ya hesabu yoyote. Linganisha nchi zenye kipato kinachokaribiana. Weka hewa ukaa kwa kila mtu kando ya idadi ya watu waliofikiwa na umeme, ili umaskini usionekane kuwa usafi. Na ukiona mambo mawili yanapanda pamoja, usiandike kwamba moja limesababisha jingine mpaka uonyeshe njia lililopitia.

Ukiwa nyumbani, anza na jiko. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na lengo hilo litafikiwa nyumba kwa nyumba. Usiamini kwamba kupikia umeme ni ghali mpaka uhesabu. Soma LUKU kabla ya kuweka maharage kwenye sufuria ya presha ya umeme, isome tena yakiiva. Kwa kawaida ni chini ya uniti moja. Linganisha bei ya uniti hiyo na mkaa ambao ungeutumia. Usipokuwa na umeme wa uhakika, gesi bado ni hatua kubwa mbele, hata kama ni mafuta ya kisukuku, na usikubali kulaumiwa kwa kuitumia.

Ukitaka kufunga sola kwenye karakana au duka, usianze kwa kuuliza bei ya paneli. Anza na mzigo wako. Cherehani ya wati 100 kwa saa 6 inakula uniti 0.6. Jokofu dogo ni uniti 1 hivi kwa siku. Taa tano za wati 7 kwa saa 5 hazifiki uniti 0.2. Jumla ni karibu uniti 1.8. Paneli ya wati 300, katika sehemu nyingi za nchi zetu, itakupa uniti 1.2 hadi 1.5 kwa siku ya jua, kwa hiyo unahitaji mbili, na akiba kidogo kwa msimu wa mawingu. Kwa betri, kumbuka kwamba zile za maji au jeli huharibika haraka ukizimaliza kupita nusu, ilhali za lithiamu huvumilia zaidi. Bei ya mwanzo isikupumbaze. Hakikisha inverta inahimili mshtuko wa mota inapoanza kuzunguka.

Ukiwa mwenye kiwanda kinachouza nje, anza kutunza kumbukumbu za umeme na mafuta unayotumia. Umoja wa Ulaya ulianza Oktoba 2023 kudai taarifa za hewa ukaa iliyomo katika saruji, chuma, aluminiamu, mbolea, haidrojeni na umeme unaoingia kwake, na kwa bidhaa zinazoingia kuanzia 2026 kuna malipo. Mwenye umeme safi na kumbukumbu safi atakuwa na nafasi nzuri ya kujitetea.

Ukiwa kwenye mkutano wa kijiji au baraza la madiwani, mradi wa nishati ukiletwa, simama uulize: Umeme wa njia tatu utafika kwenye mashine, au ni taa tu? Kuna mkopo wa vifaa kwa vijana na akina mama? Ardhi ni ya nani, na makubaliano yameandikwa wapi? Inverta ikiungua baada ya miaka mitano, fedha ya kuibadilisha iko kwenye akaunti gani? Mwaka wa ukame tutafanyaje? Andika majibu kwenye muhtasari wa kikao, pamoja na jina na cheo cha aliyejibu.

Maswali haya hayahitaji shahada. Yanahitaji mtu asiyeona haya kuyauliza tena asipojibiwa. Nchi zilizofanikiwa kukua huku zikipunguza moshi zilifika huko kwa sababu kulikuwa na watu waliodai hesabu, mwaka baada ya mwaka, serikali zikibadilika na bei zikipanda na kushuka. Sisi tuna jua, tuna mito, tuna jotoardhi chini ya Bonde la Ufa, na tuna nafasi ya kujenga kilicho safi tangu mwanzo badala ya kubomoa kilicho kichafu. Tukidai uniti zifike kazini na jikoni, na tukakataa kusifiwa kwa sababu ya umaskini wetu, uchumi wetu unaweza kukua bila kupitia moshi ambao wengine walilazimika kuupitia.